Mchanga Ndani ya Fremu

Njagi alikuwa ameumwaga mchanga wote. Angeapa mbele ya kanisa zima. Aliigonga ile paipu kwa nyundo ya mti, akaipuliza, kisha akafumba jicho moja na kuchungulia ndani yake hadi akaziona nyumba za mtaa wa Dallas upande wa pili, ndogo ndani ya duara la mwanga. Lakini alipoiinua kuipeleka mezani, kitu kilitiririka ndani, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akaiinamisha. Konzi moja ya mchanga mkavu ikamwagikia viatu vyake.

"Nimezeeka," alijiambia, akaufagia na kuurudisha guniani.

Asiyeijua kazi hii atauliza mchanga unatafuta nini ndani ya pikipiki. Paipu tupu ukiikunja kwa moto inabonyea kama mrija wa soda, kwa hivyo unaijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, ndipo unaipasha moto na kuikunja. Ikipoa, unamwaga mchanga wako na kuuweka kwa kazi nyingine. Mchanga mzuri hautupwi. Na mchanga wa Njagi ulikuwa mzuri sana, umetoka kwao Kiambere, kule chini kwenye joto, na mdogo wake Ishmael ndiye aliyeuleta.

Biashara yao ilikuwa hivyo, ya ndugu wawili. Ishmael alizunguka mashamba ya zamani ya walowezi akinusa injini za pikipiki za miaka ya hamsini zilizokuwa zimelala chini ya mavi ya kuku. Njagi alizitengenezea miili mipya. Aliichora kila fremu kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, akilala kifudifudi kama mtoto wa nasari, kisha akakata, akakunja na kuchomelea. Kwa miaka mingi watu walimsifu na kwenda zao. Halafu mwaka uliopita mambo yakageuka. Mtu aliyekuja kutazama tu aliweka mkono kwenye fremu, akatoa pesa, akaondoka nayo. Saba zilikwenda hivyo, Nanyuki, Meru, hadi Nairobi. Njagi, ambaye hakuwa mtu wa majivuno, alianza kutembea mjini Embu kifua mbele. Mikono yangu sasa imejulikana, alisema. Tumsamehe, alihitaji sana kitu cha kumfurahisha.

Maana miaka miwili nyuma alikuwa amemzika Njoki, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka tisa. Ilikuwa saratani ya damu. Mifupa ilimuuma kiasi kwamba hata shuka ikimgusa alilia, na wiki tatu za mwisho hakupata usingizi kabisa, ingawa mama yake, Lenah, alimkanda miguu kwa mafuta ya mkaratusi usiku na mchana. Siku ya mwisho, saa saba mchana, alimuuliza baba yake kama sasa anaweza kulala.

"Lala, mama," Njagi alimwambia. "Hakuna mtu atakuamsha tena."

Wakampeleka nyumbani Kiambere, kwenye ile ardhi ya mchanga. Ahadi hiyo ndiyo kitu pekee Njagi alichoweza kumpa mwanawe, na aliishika kuliko alivyoshika dini.

Huko karakanani, siku ya pili mchanga uliobaki ndani ya paipu ulikuwa konzi mbili. Siku ya tatu ulijaa nusu karai. Alhamisi Njagi alikuwa ameifunga fremu yote, kila kiungo kimechomelewa, hata sisimizi asingepata pa kupenya, na akaiacha juu ya meza ipoe. Ilipogonga saa saba, stima ikapotea. Mashine zote za mtaa zikanyamaza kwa pamoja.

Kwanza ilikuja harufu ya mkaratusi, nyepesi, ya moto-moto, kama inayotoka kwenye viganja vilivyosuguliwa. Kisha mchanga ukaanza kutembea ndani ya chuma, si kwa kumwagika, maana hakuna aliyeigusa fremu, bali kwa kutembea, ukashuka kutoka shingoni, ukapita chini pale injini inapokaa, ukapanda hadi nyuma, ukasimama, ukageuka, ukarudi, na Njagi, ambaye alikuwa ameweka mkono wake pale katikati bila kujua ni kwa nini, akausikia ukifika chini ya kiganja chake na kutulia papo hapo, kama umemtambua, na ndani ya utulivu ule akasikia mtu mdogo akivuta pumzi kupitia meno, jinsi Njoki alivyokuwa akivuta pumzi alipotaka kugeuzwa upande wa pili.

"Baba Njoki."

Aliruka. Alikuwa Lenah mlangoni na hotipoti la ndengu. Kwa mwaka mzima sasa alikuwa akileta chakula mwenyewe kila saa saba, na Njagi alijiona mume aliyebahatika.

"Mama Njoki," alinong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Ndani. Ndani ya chuma."

"Kula, chakula kinapoa." Lenah hakumtazama yeye, alitazama fremu. Akaweka kiganja chake juu ya shingo ya fremu, polepole, vile mtu anavyopima homa ya mtoto. "Ni jua tu. Chuma kikipata joto kinalia."

Njagi akamwamini, kwa sababu alitaka sana kumwamini. Lakini ndengu alizifunika bila kuzila.

Jioni alimuuliza Ishmael ule mchanga aliutoa wapi hasa.

"Si nyumbani, bro! Kwani uliagiza wa Mombasa?" Ishmael akacheka, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Jumamosi Njagi alishuka Kiambere bila kumuaga mtu. Kaburi la Njoki lilikuwa limefunikwa matawi ya miiba, na kwanza akafikiri majirani wamelikinga na mbuzi. Akayaondoa. Chini yake ardhi ilikuwa imedidimia, na pale kifuani palikuwa na shimo la kina cha mkono mzima, limejazwa mawe haraka haraka. Kingo zake zilinyooka. Fisi hachimbi kwa jembe. Njagi alikaa chini kwenye mchanga wa moto akalia kwa sauti, mtu mzima, wala hakujali nani anamsikia.

Jumatatu alifunga mlango wa karakana na kusimama mbele yake.

"Sema," alimwambia mdogo wake.

Ishmael alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Aliongea chini chini, macho yake yakiruka kwenye ile fremu kila dakika.

"Kuna jamaa fulani, mganga, kule bwawani Kiambere. Aliangalia kazi yako, akasema, chuma cha ndugu yako ni safi lakini kimekufa. Kipatie mchanga wa kaburi la mtu aliyempenda. Jini ataingia hapo, na hakuna kastoma atashika hiyo fremu aiwache."

"Ukaenda kwa mtoto wangu."

"Nilichukua mchanga tu, bro. Mchanga tu! Sikufika kwa sanduku, haki ya Mungu."

"Na zile saba?"

"Zote zilikunjwa na huo huo. Si wewe huwa unaurudisha kwa gunia?"

Mdogo wake, aliyemlipia karo, aliyelala naye kitanda kimoja walipokuwa wadogo, alikuwa amemnyang'anya vitu viwili kwa jembe moja. Alikuwa amemtoa Njoki usingizini. Na ile mikono, ile mikono iliyotembea mjini kifua mbele, kumbe hakuna aliyeinunua kazi yake hata siku moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna," Ishmael alijibu, haraka mno.

"Huyo jamaa wa bwawani yuko wapi?"

"Namba yake haipatikani. Bro, hata mimi naogopa. Siku hizi hiyo fremu inaniita na jina."

Mtu wa kuyaweza mambo hayo alikuwa Meru. Mwalimu Mithika alifundisha hesabu miaka thelathini, akastaafu, na sasa aliuza miche ya parachichi sokoni Gakoromone. Watu wa kanisa waliokuwa na shida fulani walikwenda kununua miche, hata wale wasiokuwa na shamba. Alimsikiliza Njagi bila kumkatiza, akimwagilia miche yake.

"Jini hana sauti," alisema mwishoni. "Anaamsha mfu ili aazime yake. Kila mara mtu wa damu yake akimjibu, mtoto anaamka zaidi na huyo jini anapata nguvu zaidi. Wewe ulimjibu?"

"Hapana."

"Mama yake?"

"Yeye hasikii kitu."

Mithika aliacha kumwagilia. "Haya," akasema. "Mlete pia."

Walikwenda Kiambere wanne, Lenah na Ishmael wakiwemo, na ile fremu, na gunia. Mithika alizungushia kaburi chumvi na majivu, akaiweka fremu juu ya karai kubwa, akasubiri saa saba itimie kwa saa yake ya mkononi. Hakuna ndege aliyelia. Akampa Njagi msumeno wa chuma.

"Kata pale chini kabisa. Atakuita. Usijibu, hata kwa kichwa. Nanyi wengine pia."

Njagi alikata. Jino la msumeno lilipotoboa chuma, mchanga ukaanza kutoka, kwanza kama uzi, kisha kama maji ya bomba, ukajaza karai, ukafurika, ukawafikia vifundoni, mchanga ambao fremu kumi zisingeweza kuubeba, na wote ulinuka mkaratusi, na ulivyokuwa ukitoka sauti ilipanda ndani ya paipu, ndogo, iliyokauka koo, ile ile ambayo Njagi alikuwa ameitafuta kwa miaka miwili kwenye simu za zamani asiipate, ikasema, Baba, ni mimi, Baba, usinimwage, hapa ndani huwa nakuona ukifanya kazi, ikasema, Baba, giza huko chini, mbona unanirudisha, nimekukosea nini, na Njagi akang'ata mdomo hadi akaonja damu na akaendelea kuinamisha chuma, maana lilikuwa limebaki tone dogo tu la mchanga, na hilo ndilo lililolia zaidi.

"Hata wewe, Baba," likasema. "Hata wewe umeniuza."

Likaanguka. Kimya.

Walirudisha mchanga wote, hata wa guniani, wakafukia kaburi kwa mikono. Mithika akawataka waseme kwa zamu: Njoki, lala, hatukuiti. Ishmael alisema. Njagi alisema. Lenah alisema vizuri kuliko wote, macho makavu, neno kwa neno, na mumewe akamshika bega kwa shukrani.

"Zile fremu saba?" Njagi aliuliza walipokuwa wakiondoka.

"Zimebaki na chembe chembe tu. Zitanyamaza zenyewe, kama moto uliokosa kuni. Siku arobaini. Hao waendeshaji hawanitishi, hawamjui mtoto. Ninaowaogopa ni nyinyi. Asijibiwe na mtu wake hata mara moja. Akijibiwa, hatalala tena, na mimi sitaweza kitu."

Njagi alimfukuza Ishmael karakanani. Akanunua mchanga mwingine, wa mjenzi, mbaya, wenye kokoto, akaanza kuchora fremu mpya kwa chaki. Saa saba ilikuja na kupita kama saa nyingine yoyote. Siku ya tano alilala usiku mzima. Siku ya kumi alijikuta anapiga mluzi. Lenah aliacha kuleta chakula, alisema ana uchovu, na Njagi akaona ni haki yake, apumzike.

Siku ya kumi na mbili stima ilipotea tena mchana, akaamua aende nyumbani akale na mkewe. Nyumba yao ya kupanga, pale Dallas, ilikuwa na ua mdogo nyuma ya jiko. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akaingia, akaita kwa sauti ya chini, hakuitikiwa. Kisha akamsikia Lenah akiongea uani, na akasimama pale pale jikoni, mkono juu ya ukuta.

Lenah alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mgongo kwake, simu imelala pajani, sauti imefunguliwa. Mwanamume fulani alikuwa akizungumza ndani yake, na Njagi akamtambua, ni yule mzee wa Nanyuki aliyenunua fremu ya tatu.

"Nimeweka simu juu ya tenki kama jana, mama," mzee alisema. "Ongea tu. Mimi naenda kunywa chai."

Hatua za mzee zikaenda zikapotea. Kisha, kutoka Nanyuki, kupitia kile kispika kidogo, ukaja mtiririko wa mchanga ukishuka taratibu, ukageuka, ukarudi, ukatulia.

"Niko hapa," Lenah alisema. Sauti yake ilikuwa laini, ya furaha, sauti ambayo Njagi hakuwa ameisikia tangu mazishi. "Si baba yako mdogo aliyekutoa kule, usimpe sifa za bure. Mimi ndiye nilimpa jembe. Ningekuacha aje?"

Njagi alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia aiangushe ile simu chini aipondeponde. Alisimama akiwa ameibiwa tena, na mwizi alikuwa mtu yule yule aliyelia naye kifua kwa kifua, na ahadi yake kwa mwanawe ilikuwa imeshakuwa uongo.

Simu ikavuta pumzi kupitia meno. "Mama," ilisema, kwa uchovu mkubwa, "naweza kulala sasa?"

Lenah aliinama, akaweka midomo karibu kabisa na simu.

"Hapana, mama, usilale," alisema. "Baba ameshaenda kazini. Niambie, miguu inauma wapi leo?"