Gunia la Fundi Seremala

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akala, akaosha sahani yake, kisha akaenda kumsaidia shangazi yake katika chumba cha mbele. Chiriku si jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alikuwa mtunza hesabu wa wenye maduka na mafundi wa mtaani. Alikuwa na desturi moja: mteja mpya akileta karatasi zake, yeye hataji malipo mpaka azimwage zote mkekani na kuzipitia.

Jioni moja shangazi alikuwa ametoka. Fundi seremala akaingia na gunia begani, nywele zimejaa vumbi la mbao.

"Hodi! Mwenyewe yupo?"

"Karibu. Shikamoo. Katoka, lakini mimi nipo."

"Marahaba. Naona upo, tena mzima mzima!" Fundi akacheka, akatua mzigo. "Stakabadhi zangu hizi, sijazigusa tangu nifungue karakana. Sijui mtanitoza kiasi gani."

Chiriku akafungua gunia, akachungulia. Za juu zilikuwa safi, zimebanwa vizuri. Akajiona mtu mzima. "Hii kazi ndogo, fundi. Utalipa kiasi kidogo kila mwezi kama mteja wetu mwenye duka la dawa, basi."

Fundi akaondoka anapiga mluzi.

Shangazi aliporudi, akalimwaga lile gunia. Lo! Chini ya zile safi yalikuwamo mabonge ya karatasi zilizogandana kwa gundi. Nyingine zilichorwa vipimo vya milango, nyingine wino umefifia.

"Mama yangu!" shangazi akashika kiuno. "Hapa nitakaa wiki nyingi, na wateja wengine wasubiri. Nikitoza kidogo, kodi na ada yako tutazitoa wapi?"

Chiriku akachukua ufagio, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Kesho yake fundi alirudi. Shangazi alipomtajia malipo, akakunja uso.

"Mbona tulishakubaliana?"

"Mlikubaliana na nani?"

Fundi akamtupia jicho Chiriku, akaona midomo inamtetemeka. "Aa, labda nilisikia vibaya," akasema taratibu. "Nipe tu gunia langu, nitatafuta mwingine."

Alikwisha kuliinamia gunia, ndipo Chiriku akapaza sauti. "Hukusikia vibaya, fundi! Shangazi, ni mimi niliyetaja bei. Niliangalia za juu tu. Halafu jana nikaogopa kukwambia."

Shangazi akamgeukia mgeni. "Samahani, fundi, kosa ni letu. Lakini nikuulize: mtu akikuletea kabati bovu, unamtajia bei kabla hujalifungua?"

"Thubutu! Nalipindua, nagonga kila ubao. Mchwa huwa wamejificha nyuma kwenye..." Fundi akaishia hapo. Akayatazama mabonge yake ya gundi, akacheka mpaka vumbi likamdondoka. "Umenipata, mama."

Wakapatana malipo mawili. Ya kwanza ni ya kunyoosha hesabu za nyuma, ayalipe kidogo kidogo. Ya pili ni ya kila mwezi, sawa na ya mwenye duka la dawa, mradi stakabadhi zikae kwenye bahasha, mbali na gundi.

Jumamosi wenzake walicheza mpira wa rede nje, naye Chiriku alikaa mkekani akibandua karatasi moja moja.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "kutaja bei kabla ya kuiona kazi ni haraka tu, utajifunza. Ila ungenyamaza, fundi angeniona mimi mwongo, nami ningemwona yeye mwongo, na wote tunasema kweli. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, shangazi. Na mdomo wangu sasa utapumzika. Hata shuleni nitawaambia wenzangu kwamba..."

"Uanze kupumzika sasa hivi. Unaichana hiyo!"