Mafuta ya Tangi la Tatu

Hasna Ghorbel, mkaguzi wa forodha, alifungua kifuniko cha tangi la tatu, akainama, akanusa. Harufu ya majani mabichi, dalili ya mafuta mapya safi, ilimpanda puani. Lakini kwenye hati za forodha ya bandari ya Sfax, mafuta haya ya zeituni yalikuwa machafu, hayaliki mpaka yasafishwe kiwandani, bei yake nusu ya ile ya mafuta safi.

Msimu mzima alikuwa akifuatilia thamani ya mauzo ya Tunisia kwenda Italia. Tani ziliongezeka, thamani ikashuka. Sasa alijua uvujaji ulipo. Meli ya Genova ingeondoka adhuhuri, na Monji, mwonjaji wa serikali anayepanga madaraja ya mafuta, alikuwa ameshatiwa pingu, kwa kuwa sahihi kwenye hati ni yake.

"Walikuhonga kiasi gani?" Hasna alimuuliza.

"Kamuulize mama yako!" Monji alifoka. "Chupa niliyoletewa ilinuka uozo. Nimeandika nilichoonja."

"Lakiri ya chupa ilikuwa nzima?"

"Nzima, na muhuri wa Siala, mwenye mafuta, juu yake. Mimi si mtoto."

Aliyeipeleka chupa ni Mundhir, mpakuzi wa ghala. Alikuja amenuna.

"Mnyonge ndiye mwizi siku zote, siyo? Bosi Siala alinikabidhi chupa imeshafungwa. Nikaifikisha maabara, kisha nikapeleka mtungi kwa Hajja Mbarka."

"Mtungi gani?"

"Wa wakwe zake bosi. Si anaoza binti? Niliujaza mwenyewe, bomba la tangi la tatu. Alisimama hapo hapo ananihimiza, nisimwage hata tone."

Hasna aliijua desturi hiyo. Naye alizaliwa Sfax. Mama yake alipomwoza dada yake alipeleka mtungi wa namna hiyo, na mama mkwe akaumimina kwenye sahani, akachovya mkate wa shayiri mbele ya majirani wote.

Fauzi Siala, mwenye shehena, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Meli yangu inasubiri, bibi. Kila saa ni hasara. Utalipa wewe?"

"Tangi la tatu lina mafuta safi, Bwana Fauzi."

"Sijui. Niliuziwa kama uchafu, nauza kama uchafu. Sijayaonja. Kama mwonjaji wenu mlevi amekosea, mfungeni yeye."

"Hukuyaonja hata kidogo?"

"Wallahi sijayaonja! Niandikie hivyo nitie sahihi."

Hasna aliandika, Fauzi akatia sahihi. Kisha Hasna akachukua simu.

"Unampigia nani?"

"Hajja Mbarka. Nimwambie asiyale mafuta yale. Umempelekea uchafu wa tangi la tatu, usiofaa hata kukaangia samaki."

"Weka simu chini."

"Majirani wameshaonja, Bwana Fauzi. Wataugua. Haloo, Hajja..."

"Weka chini, mwanamke!" Fauzi alipiga meza. "Siala kumpelekea mkwe uchafu? Yale ni mafuta bora kuliko yote Sfax! Nimeyaonja kwa ulimi wangu mwenyewe, matangi matatu kabla sijachagua lile!"

Fauzi alitazama sahihi yake, akaketi polepole.

"Kwa hiyo chupa ya maabara uliijaza uozo mwenyewe," alisema Hasna. "Mnunuzi Genova analipa bei kamili, nusu inaandikwa hapa, nusu inabaki benki ya huko."

"Kodi zenu, dinari yenu inayooza! Mwanangu aanze maisha na nini?" Alitema mate sakafuni. "Na harusi umeshaiua."

"Kama imekufa, umeiua wewe. Simu haikuwa imeunganishwa."

Askari walimtoa. Monji alifunguliwa pingu, Hasna akamsogezea hati mpya na kalamu.

"Tia sahihi, ndugu Monji. Daraja la kwanza. Tumeshathibitisha."

Monji aliisukuma kalamu.

"Mmenifunga mbele ya mke wangu kwa kusema nilichoonja. Leo mnataka niandike nisichoonja? Lete kikombe."

Mundhir alichota tangini. Monji aliyapasha viganjani, akavuta funda, akakohoa mara mbili, jinsi mafuta mapya yanavyokwaruza koo. Macho yalimtoka machozi. Ndipo akaandika daraja la kwanza, akatia sahihi, akamgeuzia Hasna mgongo, akaenda zake bila kuaga.