Herufi Yangu Kwenye Paja la Ng'ombe

Filimbi.

Moja kwanza, nyembamba, kutoka upande wa barabara. Kisha nyingine nyuma ya nyumba. Kisha zote kwa pamoja, na nje ya dirisha mtu akauliza taratibu...

"Nathaniel ndiye wa chumba hiki?"

Wadau, ukiishi huku kwetu, filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa jadi, unazijua. Hazipigwi kwa kusalimiana.

Mlango ukasukumwa kabla sijainuka. Wanaume wenye fimbo wakajaza chumba changu hapa Kiseke. Mbele yao mzee Mihayo, kamanda wao kutoka Buhongwa. Pembeni yake Revocatus, kaka yake Rebeka, mchumba wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaninyooshea simu ya Revocatus. "Hii ni nini?"

Ilikuwa posti yangu. Herufi R, tumbo lake pembe ya ng'ombe, mguu wake umejikunja kama mkia. Nikavimba kifua.

"Ni herufi, mzee."

"Naona. Ya nani?"

"Yangu. Nimeibuni mwenyewe."

"Kuna mwingine anaitumia?"

"Dunia nzima, hakuna."

Mzee Mihayo akawageukia wenzake. "Mmesikia. Amesema kwa kinywa chake."

Wakanishika mikono.

Ngoja niwaeleze kidogo. Mimi ni mshairi. Vina na mizani sikufundishwa na mtu, nilijifundisha. Diwani yangu, yote nimemwandikia Rebeka, na sikutaka ipangwe ovyo kama kadi ya harusi. Nikajifunza LaTeX, programu ya kupangia vitabu. Humo huchori kwa mkono. Unaandika namba za kila mkunjo, unaipa herufi yako amri, na kila ukiiandika amri hiyo, herufi inajichora yenyewe kwenye ukurasa.

Ile R nilihangaika nayo mpaka macho yakawa mekundu. Ilipokubali, nilimtumia Rebeka kabla ya mtu yeyote. "Hii ni yako," nikamwandikia. Baadaye nikaiweka juu ya kila shairi, kwenye jalada, na chini ya kila ninachoposti. Watu wakaijua kuwa ni ya Nathaniel.

Njia nzima hadi Buhongwa hakuna aliyeniambia kosa langu.

Zizini tulimkuta mzee Jonathan, baba yake Rebeka. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia nikirudi kumwomba binti nije na ng'ombe, nisije na beti.

"Mwonesheni," akasema.

Ng'ombe wawili wekundu. Kwenye paja la kila mmoja, kidonda kibichi cha chuma cha moto.

R yangu.

"Jumapili tukiwa kanisani umeingia ukawapiga chapa," mzee Jonathan akasema. "Leo chapa, kesho ng'ombe hawapo."

"Mzee, mimi sijawahi hata kukanyaga..."

"Nilipoiona tu nikaikumbuka," Revocatus akadakia. "Si uliileta mpaka kwenye grupu la familia yetu? Unaringa na herufi."

Nikasogea karibu. Nikatazama ule mguu wa R... nikainama niuone vizuri.

Karibu na unyayo, mguu ulikuwa umevunjika kidogo. Hilo ni kosa langu la mwanzo. Nilikuwa nimekosea namba moja kwenye mkunjo, nikairekebisha kabla ya kuposti. R yenye mguu uliovunjika haikuwahi kuonekana mtandaoni. Ilikuwa kwangu, na kwa mtu mmoja tu niliyemtumia kabla sijairekebisha.

Nikainua macho. Rebeka alikuwa amesimama kando ya boma na mama yake. Ananitazama.

Yaani mwanamke niliyemwandikia diwani nzima ndiye aliyeniuza?

"Nani mwingine ana mchoro huu?" mzee Mihayo akauliza. "Taja. Usipotaja, tunakukabidhi polisi kwa wizi wa mifugo."

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza.

"Usimtese," Rebeka akasema. "Ni mimi."

Revocatus akageuka kumtazama.

"Chuma nilitengenezesha kwa fundi Buzuruga. Nikawachoma mwenyewe."

"Dume lile ulilishikaje peke yako?" Revocatus akacheka.

"Mama alishika kamba."

Mzee Jonathan akamgeukia mkewe. Mama akaanza kukung'uta kitenge chake kana kwamba kina vumbi.

Moyo wangu ukaruka. Kumbe ameniandalia mahari! Kanipa ng'ombe wenye alama yangu nimpelekee baba yake! Nikatabasamu kama mjinga.

"Usijichekee," Rebeka akaniambia. "Sikuchoma kwa ajili yako."

Tabasamu likafa.

"Hawa bibi Paskazia alinigawia mimi kabla hajafa. Baba alikuwepo. Sasa anataka kuwatoa mahari Revocatus aoe. Nikaona niwatie alama."

"Ng'ombe asiye na alama ni wa zizi," mzee Jonathan akasema. "Na zizi ni langu."

"Ndiyo maana wana alama sasa."

"Alama ya nani? Huyu kijana amesema mbele ya watu kuwa ni yake, dunia nzima hakuna mwingine. Basi ama yeye ni mwizi, ama ng'ombe ni wangu. Kuwa wako haiwezekani."

Mzee Mihayo akanisogelea. "Kijana. Alama ya ng'ombe haina wenyewe wawili. Herufi hii ni ya nani?"

Wadau... kila jibu lilikuwa na bei yake. Nikisema yangu, mimi naitwa mwizi na Rebeka anapoteza ng'ombe wake. Nikisema yake, jalada langu limekwenda. Kila ukurasa umekwenda. Kile kitu kimoja ambacho watu wakikiona wanasema "huyu ni Nathaniel" kimekwenda.

"Nilimpa," nikasema.

"Ulimpa akaitumie, au ulimpa akaitazame?"

Fimbo isingeniuma kama swali lile.

"Nilimpa... halafu nikaendelea kuishika."

"Na sasa?"

"Ni yake. Yangu haipo."

Mzee Mihayo akagonga fimbo chini. "Ng'ombe ni wa binti. Mzee Jonathan, mtafutie mwanao mahari kwingine." Kisha akaniangalia. "Na wewe, tusiione tena kwenye kitu chako."

"Kwa hiyo mkwe amebaki hana hata herufi," mzee Jonathan akasema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndiyo maana leo chini ya posti hii hamtaiona. Ukimpa mtu kitu, achia mkono. Ukikishika upande mmoja, bado hujatoa. Umemwazima tu, huku wewe ukisubiri sifa.

Kabla sijaondoka nilimfuata Rebeka pale bomani. Nikasema kwa sauti, baba yake asikie, na sungusungu wote wasikie.

"Rebeka, leo naifuta kwenye kila ukurasa. Nitakuja kwa baba yako na ng'ombe niliyemtafuta mwenyewe, hata awe ndama. Hao wawili sitawahesabu kwenye mahari, wala sitawatia kwenye shairi."