Laptop Aliyopewa na Widad

Khairat aliyenisimulia haya ni fundi kompyuta pale Wawi, Pemba, wala si mtu wa kuzua maneno. Laptop ilikuwa ya skuli. Alipewa na Mwalimu Widad, shoga yake tangu chuoni, ambaye walikuwa wakilala kitanda kimoja.

"Wallahi skuli wamenipa moja kwa moja," Widad aliapa. "Wewe ifute tu, utumie."

Alasiri ya mvua, umeme umekatika, Khairat alifunga madirisha, akachomeka flashi, akafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Intaneti hakuwasha. Ilipofika asilimia mia, kioo kikazimika na chumba kikawa kiza tupu. Mvua ikipiga bati, spika zikaanza kuita mahudhurio kwa sauti ya Widad.

"Nihal." Mtoto akaitika.

"Jaribu." Akaitika mwengine.

Khairat akampigia Widad simu. "Shoga, laptop yako inaita majina."

Widad akasema kwa kwikwi, "Usiitike, Khairat. Mie niliitika, ikabaki na sauti yangu, ndo maana nikakupa wewe."

"Mie, Widad?"

Simu ikakatwa.

"Khairat," laptop ikaita, kwa upole uleule Widad aliomwitia chuoni.

Mtoto wa kike aliyelelewa Pemba akiitwa huitika kabla hajafikiri. Khairat akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akauma vidole mpaka vikatoka damu.

Ndani ya laptop, sauti yake mwenyewe ikasema, "Abee."