Simu Iliyokataa Laini

Kraaa! Tepu ililia gizani. Merveille aliivuta polepole asimwamshe mwanawe, Ushindi. Akalizungushia boksi mara ya tatu. Ndani mlikuwa na simu yake ya zamani. Ilikuwa inaenda Uvira, kwa mama yake.

Ushindi ana miaka sita. Alizaliwa hapa ughaibuni, mjini Garland. Koko, yaani bibi yake, hajawahi kumwona uso. Simu ndogo ya koko ni ya sauti tu.

Kulipokucha, jirani yao Wawira alipita kunywa chai. Ni nesi kutoka Kenya, alikuwa anatoka kazini.

"Mama Ushindi! Hilo boksi linaenda vitani?"

"Ni simu ya mama. Zéphyrin wa kanisani anasafiri Jumapili. Akienda huyu, sijui mwingine lini."

"Umei-unlock?"

"Ku-unlock nini, dada? Inawaka vizuri."

"Kuwaka ni kitu kingine. Lete mkasi."

"Wewe! Nimemaliza tepu nzima!"

Wawira alikata tepu, akatoa pochini laini yake ya Kenya, akaiweka kwenye simu. Maandishi yakatokea: laini hii haikubaliki.

Machozi yalimlenga Merveille.

"Usilie. Kampuni nyingi za hapa hufunga simu zao, zikubali laini yao tu. Ingefika Uvira, koko angepata kioo cha kujitazamia! Umeshamaliza kuilipia?"

"Zamani."

"Basi wapigie, uwaombe waifungulie laini zote. Halafu tuijaribu kabla haijaondoka."

Merveille akapiga. Akaambiwa asubiri siku mbili. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi jioni ujumbe ukaingia: simu imefunguliwa. Wakaweka tena laini ya Wawira. Alama ya mtandao ikapanda. Wawira akapiga kigelegele.

Koko hajui kusoma. Kwa hiyo Merveille aliweka picha ya Ushindi kwenye kioo cha simu. Koko ataibonyeza tu, simu itampigia Merveille kwa video. Zéphyrin akaondoka nayo.

Wiki mbili baadaye, uso wa koko ulitokea kwenye simu ya Merveille. Ulikuwa karibu mno, pua tupu. Kisha ukarudi nyuma, ukacheka.

"Ushindi? Ni wewe, mwana wangu?"

Ushindi hujibu kwa Kiingereza kila siku. Safari hii aligusa pengo mdomoni mwake, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti:

"Koko, hata wewe huna jino la mbele!"