Jogoo wa Mzee Barnaba

Chrispinus alikataa kula jogoo nyumbani kwa wakwe, na kwa sababu hiyo akakosa mke. Wa kulaumiwa ni yeye na mdomo wake.

Ayuma alikutana naye sokoni Kakamega mwanzoni mwa mwaka 1963, siku watu walipokuwa wakijiandikisha kupiga kura. Foleni ilifika mpaka kwa wauza samaki. Ayuma, mwalimu aliyepewa kazi ya ukarani, alikaa mezani na gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka. Chrispinus alitoka kutengeneza baiskeli, mikono myeusi kwa grisi.

"Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige."

"Nzige gani? Walikuja zaidi ya mara moja, kaka."

"Wale waliomaliza mahindi wakaacha wasichana warembo."

"Walikosea. Wangemaliza na wanaume waongo."

Foleni ikacheka. "Mchumbie nyumbani kwao!" mzee mmoja akafoka. "Sisi jua linatuua!"

Akamchumbia kweli. Kila Jumapili alimsindikiza kutoka kanisani, shati jeupe, beji ya chama cha KANU kifuani. Ayuma alimwambia aivue.

"Baba ni mwenyekiti wa KADU huku kwetu, mpenzi. Unajua."

"Namuoa baba yako?"

"Unaoa kwake."

Miezi hiyo watu wa vyama hivyo viwili walichukiana. Wa KANU hakununua chumvi kwa wa KADU. Mikutano ya kampeni iliisha kwa mawe. Hata hivyo Mzee Barnaba, baba yake Ayuma, alikubali kumpokea kijana, kwa kuwa binti alilia siku tatu.

Kwetu mkwe hapokelewi bila ingokho, yaani kuku, na firigisi ni yake, hapewi mwingine. Barnaba akamkamata jogoo mkubwa kuliko wote. Mkewe, Kageha, akamshika mkono.

"Baba Ayuma, jogoo ndiye alama ya chama chao. Chinja kondoo."

"Mkwe hupokelewa kwa kuku. Siwezi kubadilisha mila kwa ajili ya karatasi ya kura."

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumheshimu mgeni. Lakini sahani ilipowekwa mezani, Phineas, kaka yake Ayuma, akashindwa kunyamaza.

"Kula, shemeji. Leo tunameza chama, mwezi ujao tunameza mgombea."

Chrispinus akasimama. Akaichukua firigisi, akamtupia mbwa mlangoni.

"Huyo ndiye mpiga kura wenu," akasema.

Kageha akapiga yowe. Phineas akamrukia Chrispinus, akamng'oa jino la mbele. Barnaba hakuinuka. Alisema neno moja tu: "Toka."

Siku ya uchaguzi, mwezi wa Mei, Chrispinus alipanga foleni tangu alfajiri. Alipofika mezani akamkuta Ayuma, kitambaa cheusi kichwani, daftari la wapiga kura mbele yake.

"Jina?"

"Unalijua."

"Jina."

Akalitaja. Ayuma akainama kama anayetafuta ukurasa, akanong'ona, "Baba amelegea. Njoo Jumamosi na kondoo, mwombe msamaha mbele ya mama. Mara moja tu, Chrispinus. Mimi nitakuwa nimesimama karibu nawe."

Nyuma ya Chrispinus walisimama vijana wa chama chake. Walikuwa wakisikiliza. Chrispinus alimpenda mwanamke yule, wala usiku hakuwa akilala vizuri. Lakini aliwaogopa vijana wale.

"Mimi nimwombe msamaha mtu wa KADU?" akapaza sauti. "Aanze yeye!"

Vijana wakapiga makofi. Ayuma akaweka rula juu ya jina lake, akalikata kwa mstari mmoja, akampa karatasi ya kura.

"Anayefuata!"

Chrispinus alipiga kura, na mgombea wake akashindwa kwa maelfu ya kura. Novemba ya mwaka uliofuata KADU ikavunjwa, viongozi wakahamia KANU. Barnaba na Phineas nao wakachukua kadi za KANU. Mkutano wa kwanza Phineas alikaa benchi moja na Chrispinus, akamsogezea nafasi, akamwita ndugu.

"Ayuma hajambo?" Chrispinus akauliza.

"Yuko Butere. Ameolewa na karani wa reli. Ana mtoto wa kike."

Basi jeuri ile ilimgharimu jino moja, na kura moja isiyomfaa mgombea wake. Ilimkosesha Ayuma. Na kwa miaka kumi na moja iliyofuata alipika mwenyewe, akala mwenyewe.