Kipimo Kilichonyamaza Banioni

Namba isiyobadilika ni habari, au ni kimya?

Brightness alijiuliza hivyo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kitalu cha mpunga cha mama yake, huko Tindiga, matope yakimfika vifundoni. Juzi miche ilikuwa kijani kibichi, laini kama nywele za mtoto mchanga. Leo nusu yake ilikuwa imefukiwa na mchanga, na nusu imechukuliwa na maji. Na jana, tangu adhuhuri hadi alasiri, kompyuta ya ofisi ya kikundi cha wakulima ilisema kwamba maji ya mtoni yana kina cha sentimita arobaini na mbili.

Programu iliyoonyesha namba hiyo ilikuwa imeandikwa na Brightness mwenyewe.

Kwa miaka ishirini kazi ya kuangalia mto ilikuwa ya Mzee Makarius. Nyumba yake iko karibu na banio, pale maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji wa wakulima. Kila siku alichomeka fimbo yake yenye alama majini. Maji yakifika alama ya juu, alifunga lango la mfereji. Lakini mguu wake mmoja ulianza kuvimba, na sikio lake moja lilikuwa limeacha kusikia zamani. Kikundi kikamwonea huruma. Wakanunua kipimo cha maji chenye laini ya simu, wakakifunga banioni. Brightness alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta mjini Morogoro, akaandika programu ya kuzungumza na kipimo hicho. Skrini ilionyesha kina cha maji. Chini yake kulikuwa na kitufe chekundu cha king'ora. King'ora kikilia, kijana yeyote aliye karibu hukimbilia lango.

Jana mvua ilinyesha milimani. Tindiga kulikuwa na jua. Natalia, mama yake Brightness, aliona maji ya mfereji yakigeuka rangi ya udongo na kupanda. Alikimbilia ofisini.

"Mwenyekiti, piga king'ora! Maji yanakuja!"

Lazaro, mwenyekiti wa kikundi, alitazama skrini. "Mbona hapa ni arobaini na mbili?"

"Mimi nimetoka huko na miguu yangu imelowa. Wewe unaniambia arobaini na mbili?"

Lazaro akabonyeza kitufe. King'ora hakikulia. Akabonyeza tena na tena. Dirisha zima la programu lilikuwa limeganda.

Aliyeokoa mashamba ya watu alikuwa Mzee Makarius. Aliona rangi ya mto, akachukua fimbo yake, akachechemea hadi langoni, akalifunga peke yake. Vitalu vyote vilipona isipokuwa kimoja, kile cha chini kabisa, kilicho karibu na mfereji. Hicho kilikuwa cha Natalia.

"Mama, nisamehe," Brightness alisema pale ukingoni.

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye mvua?"

"Programu ni yangu."

"Basi kaiulize imepatwa na nini. Mimi nikiulizwa, nitasema mwanangu anatafuta."

Jirani yao Odilia akatokea na nusu debe ya mbegu ya mpunga kichwani. Jana hiyohiyo alikuwa amesema mbele ya watu kwamba fimbo ya Makarius haijawahi kuganda.

"Jana ulimcheka mwanangu, leo unaniletea mbegu," Natalia alisema huku akimtua mzigo.

"Nilimcheka mtoto. Njaa siichekei," Odilia alijibu. "Lakini sikiliza, Mama Brightness. Usisie tena hapa bondeni. Nina kipande kule mwinuko, kichukue."

"Kule maji nitayapata wapi?"

"Utabeba ndoo. Heri ndoo kuliko kilio."

Natalia alichota mbegu kidogo kiganjani. "Ahsante, dada. Mungu akuzidishie. Nitailoweka Alhamisi. Jumamosi itakuwa imeanza kuchipua, na mbegu iliyochipua haisubiri mtu. Siku hiyo tutakutana kwenye mkutano wa kikundi, tumsikilize huyu mtoto. Nikitoka pale nitajua pa kuisia."

Brightness akahesabu siku. Zilikuwa tano.

Kesho yake alipanda basi la kwenda Mikumi. Huko kulikuwa na Tumwagile, fundi wa mitambo ya mawasiliano, aliyewahi kumsimamia alipokuwa katika mafunzo kwa vitendo. Alimkuta kwenye duka lake, amezungukwa na nyaya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona uso umekunjamana? Umekutana na tembo njiani?"

"Afadhali tembo."

Alimweleza yote. Tumwagile hakulaumu wala hakupoza. Aliweka kompyuta ya Brightness mezani, akaiunganisha kwa waya na kompyuta nyingine na kuiagiza hiyo ijifanye kipimo. Programu ikafanya kazi vizuri. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Kisha Tumwagile akachomoa waya.

Namba ikasimama kwenye arobaini na tatu. Brightness akabonyeza kitufe chekundu. Kimya. Akajaribu kusogeza dirisha. Halikusogea.

"Ni hivi hivi ilivyokuwa!" alisema.

"Vizuri. Ugonjwa ukionekana, dawa iko karibu. Niambie, soketi ni nini?"

"Ni mlango wa mazungumzo kati ya programu mbili. Upande huu ni kompyuta, upande ule ni kipimo."

"Ukiufungua unafanya nini?"

"Nauliza: maji yako wapi? Kisha nasubiri jibu."

"Unasubiri mpaka lini?"

"Mpaka lije."

"Lisipokuja?"

Brightness akautazama waya uliochomolewa. Tumwagile akaanza kucheka.

"Nani alikulea wewe?"

"Mama, na bibi yangu wa kule kijijini Mamboya."

"Nilijua! Umeipa kompyuta adabu ya Mamboya. Imemwamkia mkubwa, haiondoki mpaka iitikiwe."

Brightness naye akacheka, maana alikumbuka. Alipokuwa na miaka saba alimkuta Mzee Makarius njiani, yeye akiwa na kuni kichwani. Akapiga goti, akasema shikamoo. Mzee hakusikia, kwa sababu mtoto alikuwa upande wa sikio bovu. Brightness alikaa pale na kuni zake, shingo ikiuma, mpaka mama yake alipokuja kumtafuta. Nyumbani moto ulikuwa umezimika, na maharage hayajaiva.

"Kwa mzee hiyo ni heshima, usiiache," Tumwagile alisema alipokwisha kusikia kisa hicho. "Kwa mtandao ni hatari. Mtandao ukikatika ghafla, mara nyingi upande wa pili hauagi. Hakuna anayekuambia kwamba mlango umekufa. Utasimama na kuni zako mpaka kesho. Kwa hiyo weka kikomo. Sekunde tano zikipita bila jibu, sema jibu halikuja, funga soketi ile, kisha ufungue nyingine."

Brightness akaandika kikomo. Wakachomoa waya tena. Safari hii programu iliganda kwa sekunde tano, ikapumua, ikaganda tena sekunde tano.

"Bado inaganda," alisema kwa unyonge.

"Kwa sababu anayesubiri ni nani? Na anayesikiliza kitufe ni nani?"

"Ni uzi uleule."

Uzi, katika lugha ya mafundi hawa, ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu. Unafuata maagizo moja baada ya jingine, na hauwezi kuwa mahali pawili.

"Mpunga ukikaribia kuiva, nani anakwenda shambani kwenu kuamia, kufukuza ndege?" Tumwagile aliuliza.

"Mimi. Mama anabaki nyumbani anapika."

"Kwa nini asifanye yote mama?"

"Akienda kuamia, chakula kitaungua. Akibaki jikoni, ndege watamaliza mpunga."

"Na wewe programu yako umeipa mama peke yake! Mpe msaidizi. Uzi wa kwanza ubaki na dirisha na vitufe, basi. Uzi wa pili uende shambani, yaani kwenye soketi, ukasubiri huko."

Brightness aliinama juu ya kibodi kwa hamu. Alipomaliza, walichomoa waya. Dirisha lilisogea. Kitufe kilibonyezeka. Akapiga makofi. Lakini Tumwagile hakuinuka. Alingoja dakika mbili, kisha akafungua orodha ya kazi za kompyuta.

"Haya, soma mwenyewe. Programu yako ina nyuzi ngapi?"

"Mia moja na ishirini na mbili," Brightness alisoma, sauti ikipungua.

"Kila sekunde umetuma mwamiaji mpya, na wa zamani hujamrudisha. Shamba lenu ni kubwa kiasi gani, mdogo wangu?"

"Nusu eka."

"Nusu eka, waamiaji mia na ushee! Watakanyaga mpunga wote."

Wakaanza upya, taratibu. Uzi wa kusubiri ukawa mmoja tu, unaozunguka katika kazi yake: fungua, uliza, pokea, na likiharibika jambo, funga, pumzika kidogo, anza tena. Brightness alitaka uzi huo uandike namba moja kwa moja kwenye skrini. Tumwagile akamzuia mkono.

"Mwamiaji haingii jikoni kukoroga sufuria ya mama. Wakikoroga wawili, kitamwagika. Weka foleni katikati. Wa shambani anaacha ujumbe kwenye foleni, wa dirishani anauchukua akipata nafasi. Na mtu akifunga programu, mwambie wa shambani kazi imekwisha, usimwache porini."

Jua lilipokuwa likipungua, programu ilikuwa tayari. Brightness akauliza lile swali lililokuwa likimkereketa tangu kitaluni.

"Dada, ile arobaini na mbili. Ilikuwa habari, au ilikuwa kimya?"

"Ilikuwa habari ya adhuhuri. Alasiri ilikuwa kimya, ila ulikivalisha nguo za habari. Kila namba iandike na saa yake. Ikichakaa, iondoe. Mtu akijua kwamba hajui, atakwenda kuangalia. Mwenyekiti wenu hakwenda kuangalia kwa sababu skrini ilimwambia anajua."

Brightness akamshika mikono yote miwili. "Nitakushukuruje?"

"Mwenzako akikwama, mkalishe hapa kama nilivyokukalisha."

Alirudi nyumbani na shukrani imemjaa kifuani kama maji ya kisima.

Jumamosi watu walijaa katika ofisi ya kikundi, wengine wakichungulia dirishani. Natalia alikaa nyuma. Miguuni pake palikuwa na gunia lenye unyevu, na ndani yake mbegu zilikuwa zimeshatoa ncha nyeupe. Mzee Makarius alikuwa banioni, simu kwenye sikio zima.

"Binti, sisi si wanafunzi," Lazaro alisema. "Tuonyeshe."

"Ndiyo, mwenyekiti. Kwanza niseme kosa langu. Skrini ilionyesha namba ya zamani kama ya sasa, na nilikifungia king'ora nyuma ya mtu anayesubiri. Mzee Makarius alituokoa. Kama si yeye, tungekuwa tunalia wote. Sasa nawaomba mumwambie mzee azime kipimo."

Lazaro akasema kwenye simu. "Mzee, zima!"

"Mimi mzima, nashukuru!"

"ZIMA!"

Watu wakacheka. Skrini ilikuwa imeandika: sentimita thelathini na nane, saa nne na dakika kumi. Sekunde zikapita. Namba ikafutika. Mahali pake pakatokea maneno makubwa mekundu: SINA HABARI YA MTO TANGU SAA NNE NA DAKIKA KUMI. NENDENI MKAANGALIE.

"Ala!" Odilia alisema. "Imekiri."

"Bonyeza king'ora, mwenyekiti."

Lazaro alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa hadhari, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. King'ora kikalia mpaka watoto wakaziba masikio. Kisha mzee akaambiwa awashe. Hakuna aliyegusa kompyuta. Baada ya muda mfupi maneno mekundu yakaondoka yenyewe, na namba ikarudi: thelathini na tisa, saa nne na dakika kumi na tatu.

Sauti ya Mzee Makarius ikasikika kwenye simu. "Inasemaje huko?"

"Thelathini na tisa!"

Simuni ikasikika sauti ya maji. Kila mtu alijua mzee anafanya nini. Alikuwa anachomeka fimbo.

"Fimbo inasema vilevile," alisema hatimaye.

Brightness akaiomba simu. "Shikamoo, mzee. Ahsante sana."

"Marahaba, marahaba! Nakujibu upesi, usije ukasimama hapo na kuni."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, maana Natalia alikuwa ameshawasimulia kisa kile. Lazaro alipangusa macho, akauliza nani ana neno. Odilia akageuka.

"Mama Brightness, kile kipande changu cha mwinuko bado kipo. Unaonaje?"

Natalia akasimama. Aliinua gunia lake, akamtazama binti yake, kisha akawatazama wenzake.

"Nawashukuru kwa mbegu, na nawashukuru kwa kumsikiliza mwanangu. Kipande cha mwinuko sitakichukua. Nasia leo hii, palepale bondeni."